Natoa madirisha na bati, na tunasafiri: wezi nitawazuiaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Ilazo, hapa Dodoma. Mwezi ujao natoa madirisha ya mbao niweke ya aluminiamu, nabadilisha bati na dari, na nyaya za umeme zinapitishwa upya. Wiki ya pili tutakuwa Kondoa kwenye harusi. Fundi anataka nimwachie funguo, anasema kijana wake atalala humo kama mlinzi. Jirani aliyekarabati mwaka jana aliibiwa televisheni na roli za waya. Nifanyeje?
Msomaji, Ilazo

JIBU: Marahaba, dada. Kijana kulala humo si vibaya, ila usianzie kwake. Anzia kwenye ratiba ya kazi. Nyumba ya ukarabati huibiwa kati ya kung'oa na kurudishia: dirisha la zamani limeshatoka, jipya liko karakana, tundu limezibwa kwa turubai. Mlinzi mmoja hawezi kukesha kwenye matundu sita. Kabla hamjakubaliana bei, mpe fundi sharti hili: kinachong'olewa asubuhi kiwe kimezibwa jioni.

Kwa madirisha, wengi wanakosea mpangilio. Wanasubiri aluminiamu, kisha grili ndiyo inafuata. Aluminiamu na kioo havimzuii mtu. Kinachozuia ni grili, kwa hiyo itangulie. Grili zichomelewe zote kabla hamjagusa ukuta. Halafu mtoe fremu ya mbao chumba kimoja kimoja, grili iingie siku hiyohiyo, kingo zipigwe plasta, ndipo fundi aluminiamu apime. Hapo tundu likikaa wiki nzima bila kioo litaingiza vumbi tu, na vumbi la Dodoma umeshalizoea.

Angalia grili inavyofungwa. Usikubali skrubu juu ya plasta. Iwe na miguu ya chuma inayoingia ukutani kama sentimita 10, kwenye mashimo yaliyochimbwa na kujazwa zege la kokoto ndogo. Usiku wa kwanza zege hilo bado ni bichi: mtu akiishika grili kwa mikono miwili na kuitikisa, linaachia. Hata asipofanikiwa kuingia, grili itabaki inacheza. Kwa hiyo ifungwe asubuhi, si saa kumi na moja jioni mafundi wakiwa wanatafuta bodaboda. Ikazwe kwa mirunda upande wa ndani, na zege limwagiwe maji kila siku kwa wiki moja, maana jua na upepo wa huku hulikausha kabla halijashika sawasawa. Kijana wa fundi ana kazi hapo: siku za mwanzo alale chumba chenye grili mbichi, si sebuleni kwenye kochi.

Bati ezueni upande mmoja, paueni, ndipo mwende wa pili. Fundi atalalamika kwamba inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha, kubali. Dari la jipsamu halimzuii mtu aliyeshafika juu ya kenchi. Na wiki ya Kondoa isiwe ya paa wala madirisha kabisa. Iwe ya rangi na vigae, nyumba ikiwa imefungika.

Jirani yako kuibiwa waya hakunishangazi. Shaba ina soko la haraka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Waya zinunuliwe kwa awamu, kadiri fundi umeme anavyopitisha, na soketi na swichi zije mwishoni. Mwombe pia aache taa moja ya nje ikiwaka muda wote wa kazi, au weka ya sola. Ngazi, sururu, mtaimbo na grainda vifungiwe stoo kila jioni, na tofali zisipangwe kuegemea ukuta. Televisheni na vitu vya thamani vipeleke kwa ndugu, ukishapiga picha namba zake. Ukiibiwa, namba hizo ndizo polisi watakazokuuliza ukienda kuchukua RB.

Kuhusu watu: chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA cha fundi mkuu, naye akupe majina ya saidia fundi wote. Mpelekee mjumbe orodha hiyo, umwambie na siku mtakazokuwa safarini. Sisemi vijana ni wezi. Shida ni kwamba ukarabati huwazoesha majirani kelele na sura ngeni. Mtu akitoka na mlango begani saa nane mchana, kila mtu anadhani ni kazi. Waambie majirani kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni hakuna kitu kinachotoka getini, na wakiona kinatoka wakupigie.

Funguo mpe, kwani huwezi kukimbia kufungua mlango kila asubuhi. Ila mpe za kitasa cha zamani. Kipya kinunue sasa, ukae nacho, kifungwe siku ya makabidhiano. Kama mlango wako ni wa kitasa cha silinda, huhitaji hata kubadilisha kitasa kizima: kuna skrubu moja ndefu kwenye ubavu wa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ifungue, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo mpaka silinda ilegee, uivute. Nenda nayo dukani ukapate ya urefu uleule.