Papa wa bahari, Papa wa Roma, papa ya Peru
Je, "papa" hizi tatu ni neno moja lililosambazwa na Wareno, kama inavyodaiwa? Hapana. Papa wa Roma ametokana na Kilatini *papa*, kilichochukua Kigiriki *pappas*, yaani "baba", neno la mtoto anayeanza kusema. Papa ya Peru ni kiazi: neno la Kikechua kitupu, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, Wahispania walilikuta huko karne ya 16. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Kihispania inasema hivyo, na inaongeza kwamba *patata*, jina la kiazi huko Hispania, ni mchanganyiko wa *papa* na *batata* (kiazi kitamu). Papa wetu samaki hana undugu na hao wawili. Silabi "pa" ni nyepesi mdomoni, lazima maneno yagongane. Hata sisi tunayo "papa hapa". Ila *papa* ya Kifaransa, "baba", hiyo kweli inakaribiana na ya Roma.