Misa ya Lazima katika Shule ya Serikali

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya serikali hapa Nairobi, yenye jina la kanisa lililoianzisha. Kila Jumatano asubuhi wanafunzi wote huingia misa, na majina huitwa mlangoni. Sisi ni Waislamu. Muhula uliopita aliomba ruhusa ya kutoingia, akapewa fyekeo akafyeke nyasi za uwanjani. Nasikia Marekani sala zimepigwa marufuku shuleni. Je, sheria yetu haitenganishi dini na serikali?
Mama mzazi, Eastleigh

JIBU: Mama, habari hizo za Marekani hutiwa chumvi. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko wa mwaka 1962 uliwazuia maafisa wa serikali kutunga sala ya kusomwa katika shule za umma. Haukumzuia mwanafunzi kusali kwa hiari yake.

Sisi tulishika njia nyingine. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, lakini hakikuliondoa kanisa shuleni, na sioni kingewezaje, maana shule zetu nyingi za zamani zilianzishwa na wamishonari kabla ya serikali kuzichukua na kuwalipa walimu. Ndiyo sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtambua mfadhili wa shule, kama vile kanisa lililoianzisha: ana wawakilishi katika bodi ya usimamizi, hutoa ushauri kuhusu malezi ya kiroho, na anaweza kuleta kasisi kwa gharama yake mwenyewe. Kuwepo kwa misa, basi, si kosa.

Hata hivyo, kifungu cha 27 cha Sheria hiyo, ambacho ndicho kinachompa mfadhili jukumu hilo, kinamtaka pia alinde imani za wengine, sharti ambalo baadhi ya walimu wakuu hulipita kama hawakuliona. Kifungu cha 32 cha Katiba nacho kinakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha dini yake. Kosa liko katika kuita majina na katika lile fyekeo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wasilazimishwe kuhudhuria masomo siku ya Sabato. Ikiwa masomo yenyewe yana ruhusa, sembuse misa! Kesi ya hijabu ya Isiolo, ambamo mzazi alitaka wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu shuleni, usiitegemee, kwani mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa mzazi kwa sababu za utaratibu, bila kulimaliza suala lenyewe.

Mwandikie mwalimu mkuu barua, uvitaje vifungu hivyo viwili, na uombe mwanao akae maktabani wakati wa misa bila adhabu yoyote. Mpelekee mwenyekiti wa bodi nakala. Ningezungumza pia na kasisi, ambaye huenda hana habari kwamba watu wanaletwa kwake kwa nguvu. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti; mahakama iwe ya mwisho, kwa kuwa kesi inaweza kuchukua miaka na mwanao yu karibu kumaliza shule. Barua iwe na tarehe, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.