Mpira wa vakyumu wakati wa kuseti taimingi

Je, mpira wa vakyumu (unaopitisha mvuto wa hewa wa injini) uchomolewe unaposeti taimingi, yaani wakati cheche inaporuka? Ndiyo, kwenye pikapu nyingi za zamani zenye kabureta, mpira huo unaoingia kwenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi) huchomolewa na kuzibwa kabla ya kupima taimingi, kwa sababu ukiachwa mahali pake unaweza kuwahisha cheche, na alama utakayoiona kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini) itakudanganya. Mimi huuziba kwa skrubu ndogo, kisha hupaka chaki kwenye alama ili ionekane wazi chini ya taa ya taimingi, ile inayomweka kwa kufuata cheche. Injini iwe imeshapata moto na inanguruma taratibu, kwani mizunguko ikizidi, vizito vilivyomo ndani ya distributa navyo huanza kuwahisha cheche. Hata hivyo, fuata kibandiko cha chini ya boneti, maana baadhi ya injini hupimwa mpira ukiwa umechomekwa.