Peugeot 404 inachemsha, fundi anataka kutoa thermostati

SWALI: Marehemu baba aliniachia Peugeot 404 ya kabureta. Kwenye foleni inachemsha, nikiingia barabara kuu inatulia. Fundi anataka kung'oa thermostati, anasema dereva Bert Shankland alifanya hivyo ndipo akashinda mbio za magari za Safari. Nikubali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali. Thermostati ni kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na shida yako haiko hapo. Gari linalotulia likikimbia na kuchemsha likisimama limekosa upepo, kwa hiyo anza na feni. Kwenye 404 nyingi feni haivutwi muda wote. Inanaswa na sumaku ya umeme maji yakipata moto. Ipo kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye hiyo sumaku. Ikilika, au waya ukikatika, feni inazubaa tu. Feni ikiwa nzima, kasafishe rejeta.

Sasa hiyo hadithi ya Shankland. Kila gereji ninayopita naikuta, na sijaona hata mmoja anayeisimulia aliyewahi kuifungua injini ya yule bwana. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa Mskoti mkazi wa Tanzania, na yeye na Chris Rothwell walishinda East African Safari 1966 na 1967, mara zote kwa 404. Tena zile zilikuwa za injeksheni, yaani petroli inasukumwa kwa pampu, si kabureta kama yako. Watu wanadhani ushindi ulitoka kwenye injini iliyochokonolewa. Injini ndogo ya cc 1618 jamani! Safari ile ilimtaka dereva afike na gari zima. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa 404 tena, la Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Ukitoa thermostati injini haifikii joto lake, hasa asubuhi na safari fupi fupi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye laina (kuta za silinda), ringi za pistoni zinalika. Baadaye gari linafuka moshi wa bluu, na fundi yule yule anakuuzia ringi. Kama unaishuku thermostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni: isipofunguka hadi maji yanachemka, imekufa, nunua nyingine.

Huyo anayeng'oa thermostati ndiye pia anayekujazia rejeta maji ya kisima cha chumvi, anayefunga hozi kwa mpira wa tairi, na anayekwambia mfuniko wa rejeta wowote unafaa. Ukiyasikia hayo, chukua ufunguo wako uondoke, hata kama amekupunguzia bei.