Wosia wa kuandika mwenyewe: kiwanja Buswelu, mtumbwi Igombe
Mkuu, umeuliza kama wosia ulioandika mwenyewe utasimama. Unasimama, ila usiwe wa penseli. Kwa wosia wa kimila (unaofuata sheria za mila), anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; asiyejua kusoma na kuandika, wanne. Wote wawepo kwa pamoja unapotia saini na tarehe. Wengi huangukia hapa: kijana anayeachiwa mtumbwi ndiye huyo huyo kaitwa kushuhudia. Mrithi asiwe shahidi.

“Kiwanja changu cha Buswelu” haitoshi. Andika namba ya kiwanja na kitalu. Injini ya mtumbwi nayo, namba yake. Unagawa chako tu, kama kuna sehemu ya mwingine, tuseme shemeji yako, usiiguse. Ukimnyima mtoto, taja sababu waziwazi. Kisha wosia upeleke RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili na udhamini, ukatunzwe; chini ya godoro hakuna usalama.