Petroli au dizeli kwa gari la familia?

SWALI: Naishi Buhongwa, kazi yangu iko mjini Mwanza, na watoto nawashusha shule Mkolani. Nimepata Mazda CX-5 mbili zilizotumika: ya petroli lita 2.0 na ya dizeli lita 2.2. Fundi wangu anasema nichukue dizeli, haili mafuta. Ni kweli?
Msomaji, Buhongwa

JIBU: Haili mafuta kweli, lakini kwa safari zako chukua petroli. Dizeli hiyo ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi huungua ndani ya chujio joto likifika nyuzi 600 hivi, na hapo gari linataka mwendo mzuri usiokatika, dakika 15 hadi 20. Foleni ya Mkuyuni asubuhi haikupi hilo. Ukizima injini katikati ya kazi hiyo mara kwa mara, dizeli ya ziada ambayo injini hupuliza ili kupandisha joto hilo huteremkia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, turbo inaanza kulika. Ungekuwa mtu wa Shinyanga kila wiki, tungekujibu vingine.

Kama moyo bado uko kwenye dizeli, nenda kuikagua ikiwa baridi. Gusa boneti kwanza. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha kukuficha usumbufu wake. Chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe, chomoa tena. Oili ikipita alama ya juu na kunuka dizeli, mrudishie mtu funguo zake.

Ya petroli haina makuu: plagi, oili ya giaboksi, na maji ya rejeta yasiwe na kutu.