Atenza wagoni au Fielder kwa familia ya watu watano Dodoma: wapandishe wote kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mko watano, wewe, mama na watoto watatu, na mdogo bado anakaa kwenye kiti cha mtoto. Mnaishi Iyumbu, kila mwezi mnakwenda Singida kwa wazazi, na kilomita kama 12 za mwisho ni za vumbi. Roho yako iko kwenye Mazda Atenza wagoni, mama anataka Toyota Fielder, ambayo nayo ni wagoni, na wadau wengi waliotangulia wamekuambia uchukue Toyota Probox uachane na urembo. Nimepita njia hiyo hiyo, tena kwa hasara, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Nilihamia Dodoma na ofisi mwaka 2017. Gari langu la kwanza hapa lilikuwa wagoni ya Kijapani niliyokuwa naitamani tangu chuoni: nyeusi, imelala chini, bampa la mbele limeongezewa sketi (ile plastiki ya urembo inayoning'inia chini), rimu za inchi 18. Nilikuwa nikiegesha, nashuka, halafu nageuka kuitazama tena. Wanaosema gari ni chombo cha kukufikisha tu sikubaliani nao. Gari usilolipenda hulioshi, gereji unalichelewesha, na mlio mdogo unauvumilia mpaka unakuwa mkubwa. Kwa hiyo usione aibu kutaka gari zuri.

Ila mama yangu anaishi kijijini, wilaya ya Chamwino. Machi 2019 presha ilimzidia, nikaenda kumchukua nimlete hospitali mjini. Kwenda nilikuwa peke yangu, gari likapita vizuri. Kurudi tulikuwa watano: mama, dada aliyekuwa anamshikilia, shangazi na binamu yangu, na kwenye buti kulikuwa na gunia la mtama. Tukafika kwenye korongo nililolivuka asubuhi bila kusikia kitu. Safari hii chini kuligonga jiwe, kishindo kimoja tu. Mita kama mia mbili mbele taa ya oili ikawaka. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka. Nilizima injini palepale, ndiyo maana ilipona. Tulikaa chini ya mbuyu karibu masaa manne, mama amelala juu ya kanga, mpaka kijana wa bodaboda tuliyemtuma akarudi na mtu mwenye pikapu. Mama alipata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini yale masaa manne sijayasahau hata siku moja.

Gari lile lile, jiwe lile lile, dereva yule yule. Kilichoongezeka ni watu wanne na gunia. Ule uwazi kati ya chini ya gari na ardhi unaousoma mtandaoni ni wa gari tupu. Fielder za kuanzia 2012 zinaandikwa kama sentimita 15 na nusu, Atenza za miaka hiyo kama 16, na ukitazama namba hizo unaona zinalingana. Pakia familia ndipo ujue. Langu nililipima baadaye kwa futi ya fundi, nikakuta nyuma linashuka sentimita nne na ushee likiwa na watu watano, kwa sababu springi zilikuwa zimechoka. Na gari la kuagiza lenye miaka kumi, springi zake nazo zina miaka kumi.

Kwa hiyo tulipotafuta gari la pili nilikwenda yadi na familia nzima na futi mfukoni. Muuzaji alishangaa kidogo, lakini akatuachia tukae. Nilipima likiwa tupu, nikawapandisha wote, nikapima tena nyuma, katikati na chini ya bampa. Fanya hivyo kwa kila gari utakalolitamani. Kama unaagiza kutoka Japani na huwezi kuligusa, tafuta mtu mwenye gari la toleo hilo hilo, umwombe nusu saa.

Probox nayo haistahili kudharauliwa. Ile ya van imepewa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, kilo 250 ikiwa na watano, na spea zake kila fundi anazijua. Lakini kwao Japani inasajiliwa kama gari la mizigo, na kanuni zao zinataka sehemu ya mzigo iwe kubwa kuliko sehemu ya abiria. Ndiyo maana kiti cha nyuma kimesogezwa mbele, mgongo umesimama wima na mto ni mwembamba. Niliazima ya jirani wiki mbili. Kwenda Kibaigwa kufuata mahindi niliifurahia mno. Tulipokwenda nayo Singida, watoto walianza kuniuliza tunafika lini kabla hata ya Manyoni. Watoto wako watatu wangekaa hapo kila mwezi, kwenda na kurudi. Mimi nisingewakalisha.

Sasa tuje kwenye hizo mbili zako, na hapa nitasema jambo ambalo sijaona mtu amekuambia. Fielder ina upana wa milimita 1,695. Wameibana makusudi, kwa sababu Japani gari likizidi 1,700 linahamia daraja jingine la usajili. Atenza ni 1,840. Hiyo ni tofauti ya sentimita 14 na nusu. Sehemu yake inaishia kwenye milango, lakini inayobaki ndiyo inayoamua kama watoto watatu, mmoja akiwa kwenye kiti chake, watakaa bila kupigana viwiko hadi Singida. Mimi nina Fielder na watoto watatu. Wanaenea, ila kile kiti kikishafungwa, binti yangu mkubwa hawezi kufikia pachiko la mkanda wake. Inabidi nimfunge mimi kabla sijafunga mlango. Kila safari. Ukimwambia mama neno hilo kwa upole, ataelewa kwamba Atenza unayoitaka si urembo mtupu.

Upande wa pili, Atenza wagoni ina urefu wa mita 4.80, Fielder imezidiwa sentimita 40 au zaidi. Pua ya Atenza ni ndefu mbele ya tairi, nayo ndiyo inayokwangua kwenye mtaro au tuta lenye mwinuko wa ghafla. Pia zipo zenye tairi za 225/55 R17 na zenye 225/45 R19. Piga hesabu ya ukuta wa tairi: ya kwanza ni sentimita 12.4, ya pili 10.1. Zile za 19 zinapendeza kweli, najua, lakini kwa kilomita 12 za mawe utakunja rimu. Chukua za 17. Halafu baki kwenye petroli ya 2.0. Cc zake ni 1,997, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unabaki kwenye kundi la kuishia cc 2,000, na ukivuka hapo asilimia inapanda. Dizeli ya 2.2 imevuka, na ina kichujio cha moshi kinachotaka mwendo mrefu ili kijisafishe. Mizunguko ya Iyumbu na mjini haikitoshi. Usisahau kuangalia mwaka wa kutengenezwa kabla hujalipa chochote, maana ushuru wa uchakavu, ule unaotozwa kwa umri wa gari, unapanda likizidi miaka kumi na unaweza kumeza punguzo lote ulilodhani umepata.

Fungua zulia la buti. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni hayana tairi la spea, utakuta kipampu na chupa ya dawa ya kuzibia. Dawa ile inaziba tundu la msumari. Tairi likichanika ubavuni haikusaidii kitu. Nunua tairi la spea hata kama litakula nafasi ya begi moja.

Jambo jingine la kwetu huku ni vumbi. Wagoni yoyote inavuta vumbi mgongoni, hewa inazunguka nyuma na kulibandika kwenye kioo, kwa hiyo waipa ya nyuma na maji yake lazima vifanye kazi. Pitisha mkono kwenye mpira wa mlango wa buti. Ukiwa umekakamaa, unga wa mama mkwe utafika Iyumbu umebadilika rangi. Nyeusi sichukui tena maisha yangu. Jua la Dodoma la Oktoba na mtoto kwenye kiti kilichoachwa juani, hapana.

Tangu siku ya mbuyu mimi na mke wangu tuna utaratibu wetu. Kuanzia vitasa vya milango kwenda juu tunachagua kwa macho: rangi, taa, siti, dashibodi. Kuanzia vitasa kwenda chini tunachagua kwa futi, yaani tairi, sketi, springi, kinga ya injini. Yeye alichagua bluu na siti za kitambaa cha kijivu, na bado nikishuka nageuka kulitazama. Mimi nilivua sketi za pembeni, nikafunga bati la kinga chini ya injini na kubadilisha springi za nyuma. Spesa, vile vipande vya kuinulia gari kwenye springi, niliweka za sentimita mbili tu. Mafundi watakushawishi uweke tano. Kataa, shafti zinakaa upande na mipira yake inachanika mapema. Ukiinua, fanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) siku hiyo hiyo.

Kwa maelezo uliyotoa, nikiwa wewe nanunua Atenza ya petroli ya 2.0 yenye rimu za 17, navua kila kilichoongezwa chini, naweka springi mpya za nyuma. Watoto watatu ndio walioniamulia. Ila hujasema kama kwenye zile kilomita 12 kuna korongo la kuvuka. Kama lipo, na masika mnalivuka mkiwa mmejaa, namuunga mkono mama kwa sababu ya ile pua ndefu ya Atenza: Fielder, au muongeze pesa mtafute Subaru Outback, ambayo chini ina kama sentimita 20, mkijua injini yake ya 2.5 inapanda kundi la ushuru.

Jumamosi nipo nyumbani Nkuhungu kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na mama, watoto wote watatu na hicho kiti, tuwapange kwenye Fielder yangu tuone kama mikanda yote mitatu inafungika. Futi ninayo.